Gunia la Mtu Aliyetangulia

Adhiambo mwanangu,

Umetoka na baba yako kwenda kuaga kwa shangazi zako, na kwa jinsi ninavyowajua hao, hamtarudi kabla ya giza. Meza imebaki yangu peke yangu. Salamu nitaziruka, maana chai tumekunywa pamoja muda si mrefu, na hali yako naijua kuliko unavyotaka niijue. Mambo ya kula, kulala na kufunga mlango nayo nitayaruka. Baba yako amekufungia omena kana kwamba Kisumu hakuna ziwa, mimi nimekuwekea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na mengine yote wewe ni mtu mzima.

Ninaandika kwa sababu ya maneno uliyoyasema jana jikoni ukikata sukuma wiki, umenipa mgongo. Ulisema, "Mama, huko sitabishana na mtu. Wakitaka kijani, nitawapa kijani. Nimechoka."

Sikukujibu. Baba yako alidhani nimekubali, hata akanipigia jicho la pongezi. Sikukubali. Nilinyamaza kwa sababu hasira niliyokuwa nayo haikuwa yako, na sikutaka ikumwagikie wewe ilhali mwenyewe, yule meneja, alikuwa ofisini kwake ameketi vizuri. Leo nimepoa kiasi cha kuweza kueleza. Nawe unajua nikianza kueleza sina breki, kwa hiyo keti. Na kwa kuwa baba yako ataisoma barua hii juu ya bega lako, nitaeleza hata yale unayoyajua.

Nataka kwanza tukubaliane juu ya lililotokea, kwa sababu ukiwasikiliza watu wa kiwandani utaamini kwamba ulivunja kitu.

Programu ya kupima majani ya chai niliikuta pale nilipostaafu ualimu na kiwanda kikanipa kazi ya kuitunza. Kazi yake si ngumu. Mkulima analeta gunia kituoni, karani analitundika kwenye mizani, programu inaondoa uzito wa gunia lenyewe, na kinachobaki ndicho majani yake. Gunia kavu lina uzito wa kawaida. Gunia lililonyeshewa ni zito zaidi, kwa hiyo karani anaruhusiwa kuingiza uzito mwingine. Asipoingiza chochote, programu inapaswa kutumia ule wa kawaida. Hivyo ndivyo sote tulivyoamini, na majaribio nayo yalisema hivyo. Majaribio, Baba Adhiambo, ni vipande vidogo vya Java, ile lugha ya kuandikia programu, vinavyoiuliza programu maswali ambayo majibu yake tunayajua tayari. Programu ikijibu sawa, kompyuta inaonyesha kijani. Ikikosea, nyekundu. Yetu yalikuwa kijani kutoka juu hadi chini, kama mteremko wa chai uliochumwa vizuri.

Ulipokuja kwa ule mkataba wako mfupi, nilikupa kazi niliyodhani ni ya kufagia tu. Nilikuambia upange upya matayarisho ya majaribio, yaani setup, ule msimbo unaotangulia, unaoandaa uwanja kabla swali la kwanza halijaulizwa. Ulikuta mizani moja imeundwa mara moja tu, ndani ya @BeforeAll, na majaribio yote yakiitumia hiyo hiyo kwa zamu. Ukaihamishia kwenye @BeforeEach, ili kila jaribio lipewe mizani yake mpya, isiyojua kilichopimwa kabla yake. Hukugusa kitu kingine. Ukaendesha, na karibu yote yakawa nyekundu.

"Mama, kuja uone. Nimeharibu."

"Umegusa nini?"

"Programu sijaigusa. Nimegusa setup tu."

Tukavuta viti. Hukuwa umeharibu. Jaribio la kwanza lilikuwa likiingiza uzito wa gunia kavu kwa mkono, na yote yaliyofuata yalikuwa yakiuokota uzito huo kwenye mizani ile ile bila kuomba. JUnit, chombo kinachoyaendesha majaribio, huyapanga kwa utaratibu wake, na utaratibu wenyewe haubadiliki kila siku, kwa hiyo lile la kwanza lilibaki la kwanza msimu baada ya msimu na hakuna aliyeshuku. Ulipolipa kila jaribio mizani mpya, uzito ule haukuwapo. Tukautafuta kwenye programu yenyewe, faili baada ya faili, tukitaka kuona ni wapi uzito wa kawaida umewekwa. Haukuwekwa popote. Programu haikuwa na uzito wa kawaida. Ilichokuwa ikifanya ni kukumbuka gunia la mwisho.

Ungeweza kuishia hapo, kwenye skrini. Ni wewe uliyesema twende kituoni. Nakumbuka ile asubuhi karibu na Roret, mvua imenyesha kisha ikaacha, na foleni imefika barabarani. Mama mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa ameshika kiuno mbele ya karani.

"Wewe kijana, hii gunia yangu imetoka kwa nyumba sasa hivi. Guza. Maji iko wapi?"

"Mama, si mimi nakata. Ni mashine."

"Mashine iliona gunia ya Arap Rono, sasa inaogopa ya kwangu?"

Foleni ikacheka. Arap Rono alikuwa bado amesimama pembeni, gunia lake linamchuruzikia kwenye gambuti. Akasema, "Mimi usinitaje. Kesho wewe tangulia, mimi nitakufuata."

"Kukutangulia? Nitalala hapa kwa mlango!"

Wakacheka tena, karani naye akacheka, na gunia lililofuata likatundikwa. Karani hakubonyeza kitu. Wewe hukucheka. Ulinikanyaga mguu na kunionyesha kwa macho kile kioo kidogo cha mizani, na namba ya kukatwa ilikuwa ile ile ya Arap Rono. Watu wale walijua kwamba kuna kitu. Walikichukua kuwa bahati ya foleni, kama vile mtu anavyosimama nyuma ya anayekohoa. Hiyo ndiyo sababu walikuwa wakigombania kutangulia siku za mvua, jambo ambalo mimi, mtu wa Sosiot niliyekulia kwenye chai ya baba yangu, nilikuwa nimeliona miaka mingi na kudhani ni fujo tu.

Kisha ikaja ofisi ya meneja wa mifumo. Alitusikiliza akitazama simu, halafu akakugeukia wewe, si mimi.

"Msichana, hizi test zilikuwa zinapass kabla ukuje?"

"Ndiyo."

"Na sasa zimefeli."

"Ndiyo, kwa sababu..."

"Basi rudisha vile zilikuwa."

"Nikirudisha zitapass, lakini mizani bado itakuwa inakata watu."

"Nimekuuliza mambo ya watu? Nimekuuliza test."

Ukasema, "Sirudishi." Hukupaza sauti wala hukutikisa kichwa. Mimi niliyekuzaa nilikutazama kama mtu anayemwona jirani mpya.

Mkataba wako ulipofika mwisho haukuongezwa. Hayo ndiyo yaliyotokea, na usimruhusu mtu akusimulie vingine, hata wewe mwenyewe ukiwa umechoka. Uliondolewa kwa sababu ulitaka kila mtu apimwe na mizani iliyo safi. Kama hilo ni kosa, nilikulea kwa makusudi ulitende.

Sasa nikuambie mimi nilikotoka, kwa sababu unanidhania kwamba nilizaliwa nikijua mambo haya.

Java nilifundishwa na vitabu, nikiwa na mvi tayari. Nilipoona neno @BeforeAll nilifikiri linamaanisha kabla ya yote. Nikaweka humo kazi nzito ya kuwasha hifadhidata ya majaribio na kuijaza wakulima wa kubuni, nikitegemea kwamba itafanyika mara moja kwa mradi mzima. Kumbe linatangulia majaribio ya klasi yake tu, yaani fungu moja la majaribio. Kila klasi niliyoandika ikawasha hifadhidata upya na kuijaza upya. Ukiendesha majaribio yangu, ungeweza kwenda kukamua ng'ombe, ukachuja maziwa, ukarudi ukakuta bado. Vijana wa ofisini hawakunilaumu. Waliacha tu kuyaendesha, na hilo ni baya kuliko lawama, kwa sababu majaribio yasiyoendeshwa na mtu ni mapambo.

Nilihangaika nayo hadi nikaelewa kwamba kitu cha kutangulia mkusanyiko wote kinahitaji mahali pake. Unaweza kuandika klasi ya mkusanyiko na kukiweka kwenye @BeforeSuite. Mimi niliandika extension, kipande kinachokwenda hadi kwenye mzizi wa majaribio na kuacha alama pale: nimekwisha kuandaa. Klasi inayofuata ikifika na kuikuta alama, inapita. Baba yako aliponiona nikishangilia peke yangu aliuliza ni nini, nikamweleza, naye akasema, "Kwa hiyo umejifunza kutowasha boila mara mbili." Fundi wa mitambo aliyezeeka kwenye kiwanda cha chai hawezi kueleweshwa kitu bila boila.

Lakini hakukosea, na hapo ndipo palipo na ufundi wote wa matayarisho, ambao sikuupata kwenye kitabu chochote. Kuna vitu unavyoviandaa mara moja kwa ajili ya wote, na hakuna anayedhulumiwa: hifadhidata iliyowashwa, majina ya vituo, vitu ambavyo jaribio linavisoma bila kuvibadilisha. Na kuna vitu vinavyokumbuka. Mizani inakumbuka. Chochote kinachobaki na alama ya aliyekitumia ni lazima kiandaliwe upya kwa kila mmoja, hata kama ni kazi, hata kama inachelewesha, hata kama meneja anatazama saa. Watu watakuambia tofauti kati ya @BeforeAll na @BeforeEach ni kasi. Kasi ni sehemu ndogo. Tofauti yenyewe ni kama unamruhusu mtu arithi uchafu asioujua.

Hilo nilifundishwa kabla ya kompyuta kunifikia, na aliyenifundisha alikuwa msichana wa kidato cha nne.

Nilikuwa nafundisha fizikia Bomet. Tulikuwa na mtihani wa majaribio wa maabara, na vifaa havikutosha, kwa hiyo wasichana waliingia kwa zamu. Swali lilikuwa la springi: ning'iniza uzito, pima urefu, ongeza uzito, pima tena, chora grafu. Zamu ya kwanza ilitoa grafu nzuri. Zamu ya pili nikaikuta imepinda vibaya, karibu darasa zima. Nilisimama mbele yao na karatasi mkononi, nikawaambia ni wavivu, nikawaambia wenzao wametumia vifaa hivyo hivyo na wakaweza. Msichana mmoja akainua mkono.

"Madam, ile springi ilikuwa imechoka kabla nifike."

"Kaa chini."

Hakukaa. Akasema, "Madam, hata uipime wewe."

Enzi zile mtu hakumjibu mwalimu hivyo. Niliipima mbele yao kwa hasira, nikitaka kumnyamazisha. Zamu ya kwanza ilikuwa imeining'inizia uzito mkubwa kupita kiasi na kuivuta hadi ikakataa kurudi. Nilikuwa nimewapa watoto wa zamu ya pili springi zilizokwisha kuvutwa na wengine, halafu nikawapima kwa kipimo cha wale waliozivuta. Kuanzia siku ile hakuna aliyeingia maabara yangu kabla sijaipima kila springi upya, na walimu wenzangu walinicheka kwamba natumia nusu ya kipindi kuandaa.

Ninachotaka ukione si springi. Nilimwambia akae chini na hakukaa. Angekaa, ningeendelea miaka yote kuwaita watoto wa zamu ya pili wavivu, na ningeamini hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Meneja wako naye, sidhani kwamba ni mtu mbaya. Ana kijani chake na anakipenda. Watu wa aina yetu, mimi na yeye, hatubadilishwi na mtu anayetupa tunachotaka.

Ndiyo maana maneno yako ya jikoni yaliniuma. Kisumu huendi kupima majani. Unaenda kuandika programu za maabara za hospitali. Fikiria kile ulichokiona kwenye kioo cha mizani, halafu mahali pa gunia weka mgonjwa. Fikiria majibu ya damu ya mtu aliyetangulia yakibaki mahali fulani kwenye kumbukumbu, na anayefuata akiyarithi kwa sababu fundi hakubonyeza kitu. Na majaribio yote kijani. Hapa watu walipoteza kilo na kutaniana kwenye foleni. Huko hakutakuwa na utani.

Sikuombi ubishane na kila mtu. Unajua jinsi ninavyowachukia watu wanaobishana ili wasikike. Wakikukataza jina la klasi, badilisha. Wakitaka mabano yakae mstari wa chini, yaweke chini. Wakisema majaribio yako yanachukua muda mrefu, wasikilize, huenda wamesema kweli kama walivyosema vijana wangu. Lakini watakapokuambia rudisha lile lililokuwa linaficha, kwa sababu tu lilikuwa zuri kulitazama, usirudishe. Hata wakikuita mgumu. Hata wakikuuliza umetoka wapi wewe. Na watakuuliza, kwa sababu hapa waliuliza mbona jina lako limetoka ziwani kwa watu wa baba yako, na huko watauliza mbona Kijaluo chako kina milima ya Sosiot ndani yake. Waambie umetoka kwa mama na baba, na urudi kwenye kazi. Usimwombe mtu radhi kwa kitu ambacho si kosa. Mimi na baba yako tungeomba radhi kwa kila aliyetuuliza tulipooana, hadi leo tungekuwa mlangoni mwa mtu tumepiga magoti.

Kuna jambo ambalo sikukuambia mchana, kwa sababu ulikuwa unacheka na baba yako na sikutaka kuliharibu.

Asubuhi meneja alinipigia simu. Toleo jipya la programu linasambazwa kwenye vituo vyote wiki ijayo, na haliwezi kwenda majaribio yakiwa nyekundu. Rekebisho la programu nilikwisha kumpelekea. Ni dogo, ni kuipa mizani uzito wake wa kawaida badala ya kuiacha iokote wa mtu mwingine, na ukiliweka, majaribio yako yanakuwa kijani cha kweli, kila moja na mizani yake. Amelikataa. Akilikubali atalazimika kuwaeleza wakurugenzi kwa nini linahitajika, na wakurugenzi watalazimika kuwaeleza wakulima. Anataka nirudishe mizani kwenye @BeforeAll, kimya kimya, kama ilivyokuwa kabla yako.

"Madam, wewe ni mtu mzima," aliniambia. "Hii ni kitu ya dakika moja. Usifanye kama mtoto wako."

Nimemwambia kwamba hiyo ndiyo heshima kubwa niliyowahi kupewa pale, na kwamba sitarudisha. Nikamwambia pia kwamba wakurugenzi wanakutana kesho, na nitakuja na kompyuta yangu, niendeshe majaribio mbele yao kwa mizani ya zamani kisha kwa mizani mpya, nieleze polepole, na yule ambaye hataelewa nitamweleza tena. Akakata simu.

Kwa hiyo kesho nikikusindikiza hadi steji sitangoja gari liondoke. Usinitafute dirishani. Nitakuwa nimekwishapanda bodaboda kwenda kiwandani.

Sijui watasemaje. Huenda wakanisikiliza. Huenda wakanipa asante na barua ya kwenda nyumbani, na huo utakuwa mwisho wa kazi niliyoipenda. Nimelipima hilo na bado jibu langu ni lile lile. Sitaki ukiwa Kisumu, siku watakapokuita ofisini na kufunga mlango, ufikirie kwamba uko peke yako na wazimu wako. Wewe jana ulisema umechoka, na mimi leo asubuhi nimeuchukua msimamo uliouanzisha wewe, na siurudishi.

Nilipomweleza baba yako, alikuna kidevu. Kisha akasema, akiniita mama yako kwa Kijaluo, "Min Adhiambo, mtoto wamemfukuza kwa sababu ya setup. Wewe watakufukuza kwa sababu ya setup. Hebu nifundishe hiyo Java, nami waje wanifukuze."

Tunaanza naye Jumatatu.

Mama yako